Mayai ya Kuku Wetu na Mayai ya Dukani

(Mazungumzo ya Mwenyekiti kwa wanachama na wageni, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu)



Mweka hazina ameshasoma mahesabu ya sanduku, na katibu ameshaeleza jinsi tulivyoanza mwaka 2014 chini ya mti, kwa hiyo hayo hatutayarudia. Kamati imeagiza tuzungumze juu ya mayai. Tumewaona waliocheka hapo nyuma. Chekeni tu, lakini hakuna mama hapa ambaye hisa zake za mwanzo hazikutokea kwenye mkia wa kuku. (Vicheko.)

Sisi watu wa Singida tunajulikana kwa mambo mawili, alizeti na kuku wa kienyeji. Mtu wa Dar es Salaam akila kuku mwenye nyama ya kutafuna na mchuzi unaonukia, anauliza kama ametoka Singida. Matenga yanapanda magari, kuku wanaondoka. Lakini kuku akishapanda gari ameondoka. Yai ndilo linabaki nyumbani, na yai analiamulia mama. Akiuzwa mbuzi baba ataulizwa, akiuzwa jogoo baba ataulizwa, ila mayai matano yakienda mnadani hakuna anayeitisha kikao. Ndiyo maana tangu zamani pesa ya mayai ilikuwa pesa ya mama: chumvi, kiberiti, sabuni, daftari la mtoto, na sasa hisa.

Sasa kuna jambo liko mbele yetu, na bora tuliseme hadharani kuliko kunong'onezana kisimani. Yuko mnunuzi wa mjini amekuja kwetu. Anataka trei kumi za mayai ya kienyeji kila wiki, na bei yake ni nzuri kuliko ya mnadani. Mkutano ujao tutatakiwa kumpa jibu. Na tumesikia maneno mawili yanapita. La kwanza, tuuze kila yai, asile mtu. La pili, trei zisipojaa tujazie na mayai ya kuku wa mayai yale ya bandani, maana yai ni yai, nani atajua?

Kabla ya kujibu hayo, hebu tujue tunauza nini.

Tuanze na hesabu, tulifundishwa darasa la tatu na haijabadilika. Trei moja ni mayai 30. Trei kumi ni mayai 300 kwa wiki. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo ni mayai 15,600. Mtetea wetu wa kienyeji anataga mayai kumi mpaka kumi na tano, halafu anaatamia siku 21, halafu analea vifaranga wiki nyingi ndipo arudi kutaga. Kwa mwaka anafanya hivyo mara tatu au nne. Tuseme mayai 50, na hapo tumempendelea. Gawanyeni: mnahitaji matetea 312 wanaotaga kwa ajili ya huyu bwana peke yake, wala hakuna yai moja la kuatamiwa. Sisi tuko wanachama 28. Hata kama kila nyumba ina matetea wanane, na si kila nyumba inao, ni 224. Hesabu imegoma. Yule kuku wa mayai wa bandani anataga mayai 250 mpaka 300 kwa mwaka, maana hajui kuatamia wala kulea, kazi yake ni hiyo moja. Ndiyo sababu yai lake ni la bei nafuu, na ndiyo sababu yanaonekana kila duka.

Kwa hiyo anayesema tuahidi trei kumi, anasema tuahidi uongo. Trei tatu tunaweza, na wakati wa kiangazi labda mbili. Tutamwambia hivyo, akikubali vizuri, akikataa mnada upo.

Na hili la kujazia. Wenzetu, trei ya kienyeji ya kweli hata mtoto anaijua, maana mayai yake hayafanani. Moja jeupe, jingine rangi ya maziwa, jingine kahawia, moja dogo kama la njiwa kwa sababu aliyetaga ndiyo anaanza. Rangi ya ganda inatokana na ukoo wa kuku, siyo chakula. Hata ya dukani yapo meupe na yapo ya kahawia, kufuatana na aina. Kuna na hawa chotara, Kuroiler na Sasso, mayai yao yana rangi inayokaribia ya kwetu ila ni makubwa. Wanaofuga chotara hatuwakatazi, hao ni kuku wazuri na wanataga zaidi. Ila trei iandikwe chotara. Mama mpishi wa hoteli akivunja mayai manne kwenye bakuli na mawili ni makubwa yenye kiini kilichopauka, ataelewa. Na akielewa hatasema mama fulani amemdanganya, atasema kikundi cha wanawake wa Singida ni matapeli. Jina la kikundi limechukua miaka kumi kulijenga, na liko juu ya kila trei.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. (Vicheko.) Watu wengi wanasema yai la kienyeji ni dawa. Likipigwa likanywewa bichi linaongeza nguvu, lina damu, lina hiki na kile. Akina baba msitutazame hivyo, mnajua tunamsema nani.

Tumekaa na mtaalamu wa lishe wa wilaya, tumemuuliza moja kwa moja. Jibu lake ni kwamba yai ni yai kwa sehemu kubwa. Protini iliyo kwenye yai la kawaida ni kama gramu sita, na inayojenga mwili wa mtoto ni hiyo hiyo, awe ametaga kuku wa bandani au kuku aliyelala juu ya mti. Vitamini A imo kwa yote mawili, vitamini B12 imo kwa yote mawili. Tofauti ipo, lakini siyo ile tunayoipigia kelele. Kuku anayeshinda juani kiini chake kinakuwa na vitamini D zaidi. Kuku anayekula majani na wadudu mafuta ya yai lake yanakuwa mazuri zaidi kwa mwili. Basi. Tena la kwetu ni dogo. La dukani lina uzito wa gramu 55 mpaka 60, la kwetu mara nyingi ni gramu 40 na kitu. Ukiweka kwenye mizani, mayai matatu ya dukani ni sawa na manne ya kwetu.

Kuhusu unjano wa kiini, huo unatoka kwenye chakula. Kuku akila mahindi ya njano na majani mabichi, kiini kinakuwa cha njano iliyokolea. Kuku wa bandani analishwa pumba za mahindi meupe, ndiyo maana kiini kinapauka. Mfugaji akimpa mchicha, kinabadilika. Na wengine wanachanganyiwa rangi kwenye chakula cha kiwandani. Kwa hiyo unjano si cheti. Hata ya kwetu, angalieni mwezi wa tisa na wa kumi nyasi zikikauka, kiini kinapauka vile vile, na hakuna aliyekuja kutuambia tumemchanganyia.

Utamu? Hapo hatutaki ubishi. La kwetu lina ladha. Ila na hilo linategemea amekula nini, maana kuku wa bandani akizidishiwa dagaa, yai lake linanuka dagaa mpaka kwenye chai.

Na kuhusu kunywa yai bichi, tunasema wazi hatulipendi. Mwili unapata protini zaidi kwenye yai lililopikwa kuliko bichi. Tena kwenye yai bichi kunaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa kuhara, na vijidudu hivyo havibagui kienyeji wala kisasa. Kuku wetu anataga kwenye jivu, chini ya kitanda, nyuma ya ghala, na huko kote kuna kinyesi. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wasipewe yai ambalo kiini chake bado kinatiririka. Kiini kigande.

Wako pia wanaosema la kienyeji halina madawa. Ni kweli kuku wa mayai anapewa dawa nyingi, na mfugaji asiyejali anauza mayai kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Lakini tujitazame na sisi. Tukiwapa kuku wetu dawa ya dukani, siku hizo tunazihesabu? Na kuku wako anashinda wapi? Kama anapekua jalalani penye betri zilizopasuka na plastiki zilizochomwa, au amepita kwenye shamba lililopigwa dawa jana, yale anayookota yanaingia kwenye yai. Kienyeji si neno la kutakasa. Safisheni nyuma ya nyumba, betri na makopo ya dawa yasitupwe pale kuku wanapokula.

Sasa mtasema, Mwenyekiti leo amekuja kuyatukana mayai yetu siku ya sherehe. Hapana. Tunataka tuuze kitu kwa sifa zake za kweli. Ladha ni sifa. Kuku anayejitafutia mchwa na punje za mtama bila kumnunulia gunia la chakula ni sifa. Kuzaa mwenzake mwenyewe bila mashine ni sifa kubwa, maana yai la duka ukiliatamisha halitoi kifaranga, huko bandani hakuna jogoo. Mnunuzi anayetaka hayo atalipa, na hatumwibii.

Tumefika mahali penye ugumu, na hapa tunaomba msikilize, hasa wale wa jambo la kwanza, kwamba tuuze kila yai.

Hoja yao ina akili, tusiidharau. Wanasema hivi: yai la kwetu tunauza shilingi 500. La dukani tunanunua shilingi 350. Kwa hiyo mama mwenye akili anauza lake, ananunua la duka kubwa zaidi, mtoto anakula, na 150 inaingia kwenye hisa. Mtaalamu amesema protini ni ile ile. Sasa kwa nini mtoto ale la 500?

Kwenye karatasi hoja hii haina kasoro. Tumeipiga hesabu usiku mzima na mweka hazina, hatukupata kosa. Shida yake ni barabara ya kutoka mnadani mpaka nyumbani. Ile 500 ukiipata mkononi, kwanza unakutana na deni la sukari. Ukitoka hapo mtoto wa shule amepiga simu anataka nauli. Ukipita hapo wifi yako anauguliwa. Ukifika dukani umebaki na 100, na muuza duka hauzi robo ya yai. Hakuna aliyefanya uovu hapo, hela yote imekwenda kwenye mambo ya maana. Lakini yai likishageuka hela, ni mara chache sana kurudi kuwa yai. Tumeyaona haya miaka kumi kwenye vitabu vyetu wenyewe: mikopo imelipwa, bati zimepigwa, watoto wamekwenda sekondari, na kuna nyumba zenye matetea kumi ambazo siku ya kliniki mstari kwenye kadi ya mtoto umelala kama mlevi.

Mwaka 2022 utafiti wa afya wa taifa ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kudumaa siyo ufupi wa ukoo. Ni mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili katika miaka ile miwili ya mwanzo, au ameugua mara kwa mara, na akishapita umri huo kumrudisha ni kazi ngumu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto kuanzia miezi sita mpaka karibu miaka miwili apewe kila siku chakula kinachotokana na mnyama, nyama au samaki au yai. Nyama hapa kwetu ni sikukuu. Samaki ni wa kutoka mbali. Kilichobaki mnakijua, na kiko chini ya ghala kinalia kwe-kwe-kwe kila asubuhi kwamba kimetaga.

Kwa hiyo pendekezo la kamati, ambalo mtalipigia kura mkutano ujao, ni hili. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano au mama mjamzito, mayai ya nyumbani yanaingia sufuriani kwanza, na yanayobaki ndiyo ya trei. Yule mdogo wa miezi sita kwenda miaka miwili yai lake ni la kila siku. Wale wakubwa kidogo angalau mara tatu kwa wiki. Tetea wakiwa wote wanaatamia, hapo ndipo la dukani linaingia, na tusione aibu kulinunua. Kuna mama anaona aibu kuonekana na mayai ya trei wakati ana kuku. Aibu ya nini? Mtoto hajui ganda lilitoka wapi.

Mwenye nyumba isiyo na mtoto mdogo auze anavyotaka. Na mfuko wa jamii, kama mtakubali, utatoa mkopo mdogo usio na riba kwa mama ambaye trei zake zimepungua kwa sababu ya sharti hili, ili asikose kununua hisa. Hapo tunajua tutabishana. Mweka hazina ameshakunja uso. Tubishane mkutanoni, sanduku lina kufuli tatu na washika funguo watatu, halifunguki kwa maneno ya mwenyekiti peke yake.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakiko kwenye hesabu. Bado wako wakwe na bibi wanaosema mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Na mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Bibi zetu tunawaheshimu, wengine mko hapa mbele na tunawaamkia, shikamooni. Lakini tunadhani zamani maneno hayo yalikuwa ya kulinda kiota. Mtoto akizoea yai atakwenda kuchukua chini ya kuku, na kuku wataisha. Siku hizi njia ya kulinda kiota ni nyingine. Hebu mtazame watoto wa walimu pale shuleni, wamelelewa kwa mayai, nywele wanazo za kusuka, na wezi wa hapa kijijini tunawajua kwa majina, walikulia mlenda kama sisi sote. (Vicheko, makofi.)

Basi tuseme kidogo juu ya kupika, maana kuna mama atasema yai moja na watoto wanne, nitamkatia nani?

Kwa yule mdogo wa uji, ni rahisi. Uji wa ulezi au mtama ukishachemka, piga yai kwenye kikombe mpaka ute na kiini vichanganyike, mimina polepole huku unakoroga, kisha uuache uchemke tena dakika kadhaa. Ukimimina bila kukoroga utapata mabonge na mtoto atatema. Yai hilo ni lake peke yake, asigawiwe mtu.

Kwa wakubwa, mayai mawili yanalisha watu wanne yakivurugwa. Kaanga kitunguu kwa mafuta ya alizeti, ya kwetu haya haya, nyanya mbili mpaka zilainike na maji yake yakauke, chumvi, ndipo umimine mayai. Usigeuze geuze kama unapepeta, acha yashike kidogo chini ndipo ugeuze, yatakuwa mengi machoni na mdomoni. Wanaopenda wanaongeza majani ya mboga yaliyochemshwa na kukamuliwa. Ugali wa mtama unakwenda vizuri sana na mboga hiyo.

Mayai ya kuchemsha kwenye mchuzi wa karanga ni mboga ya mgeni kabisa. Hapo kuna siri moja: yai la leo leo halimenyeki, ute unatoka na ganda mpaka yai linabaki limeliwa na panya. Chemsha yaliyokaa siku tano, sita. Ndiyo maana ya dukani yanamenyeka vizuri, si kwa ubora, ni kwa ukongwe.

Keki ya arusi na mkate wa mayai, tumieni ya dukani. Vipimo vya keki vimetungwa kwa yai kubwa, ukiweka ya kwetu kwa idadi ile ile keki inakuwa kavu. Na wanaokaanga chipsi mayai pale stendi wana haki yao, mtu hawezi kuuza sahani kwa bei ile kwa yai la shilingi 500.

Kuhusu kutunza. Kiota kiwe na nyasi kavu na majivu kidogo, mayai yaokotwe kila siku jioni, libakizwe moja lililopakwa mkaa ili kuku asihame. Hilo la mkaa libaki ni la mkaa, lisije likaingia kwenye trei baada ya wiki tatu. Mayai mnayoyakuta kichakani hamjui yametagwa lini, msiuze. Yawekeni kwenye maji: linalolala chini ni zima, linalosimama lipikwe leo, linaloelea litupwe mbali. Ya trei msiyaoshe, ukiliosha yai unaondoa ngozi nyembamba inayolilinda na litaharibika upesi. Futa kwa kitambaa kikavu. Liweke ncha kali chini, mahali pa baridi, siyo juu ya bati la jikoni.

Haya yote hayana maana kama mdondo ukiingia. Wengine mnauita kideri. Unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na hapo hakuna la kuuza wala la kuvuruga. Chanjo ipo, ile ya tone moja la jicho, inatengenezwa hapa hapa nchini, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi sana, kwa mtu mwenye kuku saba ni hasara, na kikishafunguliwa hakikai. Ndiyo faida ya kikundi. Tutanunua kwa pamoja na kupita nyumba kwa nyumba alfajiri kuku wakiwa bado ndani. Zamu inaanza Jumatatu upande wa kisimani. Anayeficha kuku zake kwa sababu hataki majirani wajue idadi, ajue mdondo hauna siri.

Tumesema mengi na jua limepanda. Jambo la mwisho ni la jikoni. Kamati ya chakula imepika mayai ya aina mbili, ya kwetu na ya dukani, yote kwa mafuta yale yale na chumvi ile ile, yamevurugwa kwa nyanya ili rangi isiwape jibu. Sahani moja imefunikwa kitambaa chekundu, nyingine cha bluu. Anayejua ipi ni ipi ni katibu, na yeye leo hali. Mtapita kwa mstari, mtaonja kijiko kimoja kimoja, na kila mtu ataweka punje moja ya mahindi kwenye kibakuli kilicho mbele ya sahani anayodhani ni ya kienyeji. Punje zitahesabiwa mbele ya mgeni rasmi. Watoto watangulie, wao watakula yai zima zima kwenye meza ile ya pembeni. Akina baba, punje ni moja tu kwa kila mtu, na kijiko ni kimoja.